Maganda Saba ya Bilqis

Samanabad, Lahore
28 Februari 2000

Mjomba Tajammul,

Assalaam alaykum warahmatullah. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti lako liwe limekuhurumia katika baridi ya huko. Sisi huku hatujambo. Baba amestaafu kazi ya reli mwezi uliopita, na sasa anakagua nyumba kana kwamba ni stesheni. Hata namna ninavyokunja taulo anaiona ina kasoro. Wiki jana ilikuwa Basant, sikukuu ya kurusha tiara, mtaa mzima ulihamia juu ya mapaa, na Baba akajikata kidole kwa uzi wa tiara uliopakwa unga wa chupa kwa kutaka kumkomoa jirani. Mama yupo, anaendelea na shughuli zake.

Sasa habari yenyewe. Nimepata kazi, Mjomba, na sidhani kama yuko mtu katika ukoo wetu atakayeielewa ila wewe. Ni ofisi moja hapa Gulberg, ya kampuni ya huko kwenu California. Tuko vijana wengi, karibu wote tumemaliza chuo cha meno, na kazi yetu ni kusogeza meno ya Wamarekani bila kuwagusa. Daktari wa huko anachukua chapa ya kinywa cha mgonjwa, wanamimina plasta, mashine inaisoma ile plasta tabaka kwa tabaka, na kinywa kizima kinanifikia kwenye kompyuta. Naweza kukizungusha, kukitazama kwa chini, hata kukitazama kutokea kooni. Ninayakata meno moja moja, ninayasogeza kidogo kidogo mpaka yakae sawa. Kila hatua inarudishwa kwenu, na huko inatengenezewa ganda jembamba la plastiki angavu. Mgonjwa analivaa wiki mbili, anavaa la pili, la tatu, mpaka meno yananyooka. Hakuna waya. Mtu akicheka mbele yako huoni kitu.

Siku ya kwanza nilipewa kinywa cha mtu wa Fresno. Jina lake silijui, nina namba tu. Nilikitazama kwa muda mrefu nikashindwa kuanza. Nilikuwa nawaza kwamba huyu mtu yuko mahali anakula mkate wake, hana habari, na mimi nimeyashika meno yake Lahore. Nilikwenda kwanza kunawa mikono, na sioni aibu kukuambia.

Tatizo ni Mama. Nilipomweleza kazi yenyewe aliuliza, "Plastiki? Moja baada ya nyingine?" Kisha akaacha unga aliokuwa anakanda, akaenda kukaa chumbani. Tangu hapo ananitaka niiache kazi, na hasemi kwa nini. Amenipa mpaka mwezi wa Ramadhani. Unajua sitaweza kwenda kinyume naye. Wewe ni kaka yake, na wewe ndiye fundi meno wa familia. Naomba umwandikie, au uniandikie mimi nimsomee. Akikusikia wewe atalegea.

Ni mimi mpwa wako,
Mahrukh


San Jose, California
2 Aprili 2000

Mahrukh, mwanangu,

Wa alaykum salaam. Goti ni lile lile, limeamua kuishi na mimi mpaka mwisho. Idd tuliswali Santa Clara, mvua ikitunyeshea mpaka ndani ya viatu, na mchinjaji akanipa kondoo aliyekonda kama fundi meno. Mpe Baba yako pole ya kidole, na umwambie kwa umri wake aache kushindana na watoto wa jirani.

Barua yako nimeisoma mara tatu, zote nikiwa kazini, ndiyo maana utakuta karatasi yangu imeingia plasta. Mahrukh, sidhani kama unajua umeshika nini. Ngoja nikuambie.

Wakati vita vya pili vya dunia vinaisha, yaani hata mimi sijazaliwa, daktari mmoja wa Indiana alichukua mfano wa plasta wa meno ya mgonjwa wake, akayakata meno kwa msumeno mwembamba, akayapanga upya kwenye nta jinsi yanavyopaswa kukaa. Juu yake akafinyanga mpira. Mgonjwa akauma ule mpira kila siku, na meno yakamalizia safari yake yenyewe. Daktari yule akaandika kwamba siku moja itawezekana kuyahamisha meno safari nzima kwa vifaa vya namna hiyo, kimoja baada ya kingine, ila kwa wakati wake njia haikuwepo. Hebu fikiria mtu anaona kitu kwa miaka hamsini kabla hakijafika!

Baadaye ikaja plastiki ya kupashwa moto. Nilikuwa mgeni hapa, nafagia na kuosha vyombo vya maabara, nilipoiona mara ya kwanza. Karatasi ya plastiki inalegea kwenye joto, mashine inavuta hewa kwa chini, na kufumba na kufumbua ile karatasi imekuwa meno, na kila mkunjo wa fizi umo. Nilisimama na ufagio wangu mpaka bwana mkubwa akaniuliza kama nimelipwa nisimame. Tangu siku ile sikutaka kazi nyingine.

Lakini kila hatua ilikuwa ya mkono. Ukitaka maganda kumi, unakata na kupanga mara kumi. Watu walichoka, madaktari wakarudi kwenye waya zao, na sisi mafundi tukarudi kwenye meno ya bandia. Sasa wewe, mtoto wa Bilqis, unafanya kwa kidole kimoja yale yaliyotushinda.

Niambie mambo mawili. Ukilisogeza jino, ile hatua ya nyuma inakwenda wapi? Inabaki mahali, au inapotea? Na unalisogeza kiasi gani kwa hatua moja? Usikimbilie, mwanangu. Jino lina uhai ndani yake.

Kuhusu Mama yako, kwa sasa sina la kumwambia. Mpe salamu zangu kama atazipokea.

Mjomba wako,
Tajammul


Samanabad, Lahore
19 Mei 2000

Mjomba wangu,

Salamu kutoka kwenye tanuri. Joto limepanda hadi paka wa jirani anakuja kulala juu ya sakafu yetu ya choo, na umeme unakatika kila unapouhitaji. Baba kidole kimepona na tayari anauliza Basant ijayo ni lini. Mimi nimepungua kilo mbili, Mama anasema ni ile kazi, mimi nasema ni joto.

Nakujibu maswali yako. Hatua ya nyuma haipotei, Mjomba. Zote zinabaki. Chini ya kioo cha kompyuta kuna kitu kama mstari, ninakivuta kwenda kulia, na meno yanatembea. Ninakirudisha kushoto, nayo yanarudi yalikotoka, bila hata moja kusahau njia. Mwaka mzima wa mgonjwa unapita mbele yangu nikiwa sijavuta pumzi mara mbili. Na kila hatua ni robo ya milimita, haizidi hapo. Nikijaribu kuzidisha, kompyuta inalipaka jino rangi nyekundu.

Wiki iliyopita zilikuja picha za mgonjwa mmoja wa mwanzo kabisa, mama wa makamo, za kabla na za baada. Aliyempanga ni msichana anayekaa meza ya tatu kutoka yangu. Ofisi nzima tulisimama nyuma ya kiti chake. Yule mama kwenye picha ya kwanza amebana midomo, kwenye ya pili anacheka hadi magego yanaonekana. Yule msichana alianza kulia na sisi tukamwacha alie. Wanasema walioanzisha jambo hili hawakuwa hata madaktari wa meno, ni vijana wa chuo tu walioshindwa kukubali kwamba haiwezekani.

Sasa na mimi nina swali. Salamu zako nilizifikisha. Mama alipepeta mchele, kisha akauliza, "Hakusema lingine?" Nikamwambia hapana. Akaendelea kupepeta. Siku ya Idd ulipopiga simu alikumbuka ghafla kwamba ana nguo za kuanika, na nguo zenyewe zilikuwa bado hazijafuliwa. Miaka yote ni hivyo. Nilidhani ni mambo ya watu wazima.

Lakini mimi sasa ni mtu wa meno, Mjomba, na jicho langu limebadilika. Mama ana pengo mbele, upande wa kushoto. Tangu nizaliwe anavuta ncha ya mtandio anapocheka. Nimemwomba mara mia nimpeleke akawekewe jino, anasema hilo pengo ni lake na aliachiwe. Kuna nini kati yenu? Na kina uhusiano gani na kazi yangu?

Nasubiri,
Mahrukh


San Jose, California
30 Julai 2000

Mahrukh,

Natumaini mvua za huko zimeanza na mmepumzika. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi ni nyingi.

Robo ya milimita ni sawa. Ni sawa kabisa. Aliyeweka hiyo rangi nyekundu Mungu ampe umri mrefu.

Ukipata chonge lililogeuka, usilirudishe kabla hujalitengenezea nafasi. Watu wengi wanaliminya likiwa limebanwa pande zote mbili, halafu wanashangaa linagoma.

Swali lako nimeliona.

Mjomba Tajammul


Samanabad, Lahore
2 Septemba 2000

Mjomba,

Wa alaykum salaam kwa salaam ambayo hukuiandika. Huku wazima. Mvua zimekuja zikaingia mpaka sebuleni, Baba ameinua kochi juu ya matofali na analiongelea kama daraja alilojenga yeye.

Nimekaa na barua yako ya mistari michache nikajiambia sitakuandikia tena. Nilikukasirikia. Ungekuwa hapa ningekunyima chai. Ila juzi Mama alisema, na kwa kuwa wewe hutaki kusema, nakurudishia alichosema yeye.

Nilimkuta amekaa na pasi imepoa mbele yake. Akaniambia niache kazi na nisimsubirishe mpaka Ramadhani. Nikamwambia sitaondoka hapo mpaka nijue sababu. Basi akanieleza, akitazama ile pasi muda wote.

Anasema mwaka sabini na tano alikuwa anakaribia kuolewa, na meno yake ya mbele yalipandana. Wewe ulikuwa umeshakwenda California. Ulipokuja kututembelea ulichukua chapa ya kinywa chake, ukabeba plasta yake ndani ya sanduku la nguo, na huko ukamtengenezea maganda saba ya plastiki, kwa mkono wako, siku zako za mapumziko. Ukayatuma kwa posta yote pamoja, kila moja limefungwa kwenye kipande cha gazeti na namba yake. Hakuna msichana Lahore aliyekuwa na kitu cha namna hiyo. Akavaa la kwanza, akavaa la pili, na anasema aliyaona meno yake yakisogea kwenye kioo kama muujiza.

Kisha wakaja wasichana wenzake kumtembelea, na yeye kwa majivuno akayafungua yote yaliyobaki akayapanga juu ya kitanda. Walipoondoka, magazeti yalikuwa upande mmoja na maganda upande mwingine, na yote matano yamefanana. Akakuandikia kukuuliza mpangilio. Ukamjibu vizuri, lipi la tatu, lipi la nne, na alama za kuyatambua. Anasema lazima alisoma vibaya. Alivaa moja likamuuma hadi akashindwa kutafuna, akavumilia kwa kuwa kaka yake alisema avumilie, na baada ya miezi jino likawa jeusi. Likang'olewa siku ishirini kabla ya harusi.

Akasema hivi, namnukuu: "Kaka alipoteza Jumapili zake zote kwa ajili yangu, na mimi nikaziharibu kwa kujionyesha. Nikamwandikia kumwomba radhi. Hakunijibu. Ana haki." Ndiyo sababu hataki niifanye kazi hii. Anasema nitamtengenezea mtu kitu kizuri, mtu huyo atakosea akiwa mbali nami, na shingo itakayobeba lawama ni yangu.

Mjomba, kwa nini hukumjibu? Ni wasichana tu walikuwa wanacheza. Umemwadhibu kwa maisha yake yote?

Mahrukh


San Jose, California
25 Septemba 2000

Mahrukh, mwanangu,

Assalaam alaykum. Leo sina habari za goti wala za kondoo. Msomee Mama yako barua hii yote, hata nikikosea maneno usinirekebishie.

Juzi nilikwenda kupeleka meno kwa daktari Whitcomb, ninayemfanyia kazi siku nyingi. Akaniita ndani akasema, njoo uone kitu kipya. Akafungua sanduku, lina vifuko vidogo, na ndani ya kila kifuko ganda moja, hewa tupu imepewa umbo la meno. Nikaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Lilikuwa jembamba, kingo zake zimelainishwa, halina alama ya kidole cha mtu. Nikajua kwamba huenda wewe ndiye uliyelipanga, au mwenzako wa meza ya tatu. Kisha nikaona, pembeni kabisa, penye magego, kuna namba. Haikuandikwa kwenye karatasi wala kwenye kifuko. Imechorwa ndani ya plastiki yenyewe, haifutiki hata ukitaka. Nikashika lingine, nalo lina namba yake. Daktari akaniuliza kama plasta imeniingia machoni nikasema ndiyo.

Sasa sikiliza. Unakumbuka nilikuuliza hatua ya nyuma inakwenda wapi? Mimi nilikuwa na plasta moja tu ya dada yangu. Nilikata meno yake, nikayapanga kwenye nta hatua ya kwanza, nikavuta plastiki juu yake. Kisha nikaiyeyusha ile nta, nikayasogeza meno yale yale kwenda hatua ya pili. Kila hatua ilimeza iliyotangulia. Nilipomaliza la saba, nilikuwa na meno yaliyonyooka tu mezani. Njia yote niliyopita haikuwepo tena, wala sikuandika kipimo popote. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na nilijiona najua.

Barua ya Bilqis ya kuuliza mpangilio ilinikuta hivyo. Dada, mimi sikujua. Sikuwa na namna yoyote ya kujua. Ningeweza kukuambia yatupe, anza upya, nitumie chapa nyingine. Au ningeandika neno moja tu, sijui. Lakini nilikuwa mtu wa kwanza wa nyumba yetu kufika Amerika, barua zangu zilisomwa na mtaa mzima, na Baba yetu alikuwa anawaambia watu dukani kwamba mwanawe anahamisha meno kwa plastiki. Nikaona aibu. Nikakaa nikabahatisha. Nikaandika kwamba lile lililopinda kidogo kushoto ndilo la tatu, na nikakuambia uvumilie likiuma, kwa mwandiko safi kama wa mtu mwenye hakika. Nadhani lile lilikuwa la sita. Hukusoma vibaya. Ulisoma nilichoandika, ukatii, na jino likafa.

Kisha ikaja barua yako nyingine, ya kuniomba radhi. Wewe uniombe radhi mimi! Niliiweka mfukoni mwa koti langu la kazi mwezi mzima. Kila nilipokaa kuandika ukweli niliona sura yako ukiusoma, nikaahirisha mpaka kesho, na kesho ikawa miaka ishirini na tano. Uliponiachia nafasi ya kunyamaza niliichukua. Hilo ndilo baya kuliko jino.

Simwombi Bilqis anisamehe kwa barua. Nataka ajue tu kwamba hakuharibu kitu. Na wewe Mahrukh, usiache kazi kwa sababu ya uongo wangu.

Tajammul


Samanabad, Lahore
19 Novemba 2000

Mjomba wangu,

Assalaam alaykum. Baba anakusalimu, ameanza kukusanya tende za Ramadhani na kuzihesabu, na kila akihesabu zinapungua moja. Baridi imeingia, tumetoa mifarishi juani. Najua umesubiri sana. Haikuwa uvivu wangu.

Barua yako nilimsomea jikoni, yote, bila kurekebisha. Nilipofika kwenye nta alizima jiko. Nilipofika kwenye kubahatisha akaniambia nirudie hapo. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo hakujua," akavaa viatu akapanda juu ya paa.

Siku tisa hakuongea na mtu zaidi ya kuomba chumvi na maji. Dal yake ya dengu ilikuwa haiingii mdomoni, na Baba kwa mara ya kwanza hakuikosoa. Siku ya kumi asubuhi alinikuta nasuka nywele, akasimama mlangoni na kuniambia nichukue kalamu. Akasema: "Mwandikie nimekasirika. Usipunguze hata kidogo. Miaka ishirini na tano nimecheka ndani ya kitambaa, na kila sijda nimeomba msamaha wa kosa la mtu mwingine." Nimeandika kama alivyosema. Nilidhani ndiyo mwisho, na wiki zikapita, nami nikawa naogopa kukutumia barua yenye hayo peke yake.

Alhamisi iliyopita, bila kuniambia, alikuja ofisini. Mlinzi akanipigia simu kwamba kuna mama hapa anasema amekuja kuona meno yanayotembea. Nikamkalisha kwenye kiti changu. Nikamfungulia kinywa cha mtu mmoja, mwanamume, meno ya mbele yamepandana. Nikavuta ule mstari taratibu. Mama alishika ukingo wa meza. Meno yakaachana, yakageuka, kila moja likaingia mahali pake, na hakuna aliyeyasukuma. Akasema, "Subhanallah," akasahau kushika mtandio.

Akaniomba niyarudishe nyuma. Nikayarudisha. Akaniomba tena, mbele, nyuma, mbele, nyuma, sijui mara ngapi. Mwishoni yeye mwenyewe akashika kile kidude cha kuvutia mstari na kuyarudisha hatua moja moja, akizihesabu kwa kunong'ona. Alipofika ganda la tatu alisimama hapo. Alilitazama muda mrefu, Mjomba. Mimi nilitazama pembeni.

Kisha akauliza, "Na ukifika mahali hujui?"

Nikamwonyesha pa kubonyeza ili kumrudishia daktari, na pa kuandika kwamba mimi hili silijui, naomba aniongoze.

"Umeshawahi kuandika hivyo?"

"Mara nne."

"Na hawakukufukuza?"

Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa, akaondoka kwenye kiti changu, akapangusa sehemu aliyokuwa amekaa kama kawaida yake. "Basi kaa kwenye kazi yako," akasema.

Nilidhani tunatoka kwenda nyumbani. Akaniuliza yule mwenzangu niliyesoma naye, mwenye kliniki ya meno huko Mozang, kama anafungua leo. Tukaenda. Akaketi kwenye kile kiti akafumbua kinywa bila kubembelezwa, na mwenzangu akachukua chapa. Tukamimina plasta hapo hapo, tukaisubiri ikauke. Alipoletewa vipande vya rangi ili achague inayofanana na meno yake, alikikataa kile cheupe kuliko vyote, akasema yeye si bi harusi.

Plasta ndiyo hiyo iliyomo kwenye sanduku linalokuja na barua hii, nimeizungushia pamba na sweta langu la zamani. Namba ya rangi nimeichora kwenye plasta yenyewe kwa msumari. Mwenzangu alisema angeweza kulitengeneza jino hapa Lahore kwa wiki moja. Mama akamshukuru, akasema anaye fundi wake.

Nilimuuliza nikuandikie nini pamoja na hili sanduku. Tulikuwa tunarudi nyumbani. Alisema, "Mwambie safari hii ni jino moja tu. Hata yeye hawezi kulikosea mpangilio." Na alicheka, Mjomba, barabarani, mikono yote miwili ikiwa imeshika mikoba.

Ni mimi,
Mahrukh